Mganga Aliyetukataza Kujibu

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Bama mzima. Ndivyo walivyosema watu wa Kilwa Kivinje walipokuja kumpa mkono: mzima, hana hata alama, ashukuriwe Mola. Alirudi na viatu vizito, blanketi la jeshi na koti refu lenye rangi ya majani makavu. Mama yake akachinjisha mbuzi, akapika pilau, akaalika mtaa mzima. Mimi nilikuwa jikoni nikimtazama kwa upenyo wa mlango, na kabla wali haujaiva nilikwisha kujua kwamba aliyerudi si yule niliyemuaga. Alikaa pembeni, mgongo kauegemeza ukutani, macho mlangoni. Mtu akiingia, alimwangalia mikono kwanza, uso baadaye.

Kabla Keya, jeshi la Mwingereza, hawajamchukua alikuwa fundi wa kushona. Alikaa na cherehani yake barazani mwa duka la Mhindi mmoja karibu na soko, na kanzu zake zilivaliwa mpaka Lindi. Yule Mhindi alimtunzia cherehani muda wote wa vita, akaitia mafuta na kuifunika gunia. Siku mume wangu aliporudi kazini nilimpelekea chai, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Alitia uzi, akalaza kitambaa, akakanyaga. Ile mashine ikaanza kupiga ta-ta-ta-ta, na mara nikaona kiti kimeanguka na mume wangu kajibanza nyuma ya nguzo, mikono kichwani, jasho linamtiririka. Kitambaa kilibaki chini ya sindano. Watoto waliokuwa wakitoka chuo cha Kurani wakacheka. Alirudi nyumbani kwa kupita nyuma ya nyumba za watu, wala hakwenda tena dukani.

Tukaishi hivyo msimu mzima. Hakuwa mkali, hakutukana mtu. Alikuwa kimya tu, na usingizi ulimkimbia. Mara mojamoja, tukiwa tunakula, alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno. Mama yake alimuwahi kila mara.

"Nyamaza, mwanangu. Ya huko yaache huko huko. Watu wasisikie."

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa ukoo wa zamani pale mjini. Nyumba yetu ya mawe ilikuwa imeanguka upande mmoja, lakini alipokaa upande uliosimama alikaa kama liwali. Hakuwahi kunisamehe kwamba mama yangu mzazi alitoka milimani, Umatumbini. Kwake yeye, mtu yeyote aliyezaliwa mahali usipoweza kusikia bahari alikuwa mshenzi, na hilo alilisema bila hasira, kama anavyosema mtu kwamba mvua ina maji.

Siku moja mchana mume wangu alipitiwa na usingizi kwenye mkeka. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, nami nikainama nikamgusa bega ili aamke akaswali. Sikuona mkono wake ulivyokuja. Nilichojua ni kwamba nimelala chali na vidole vyake viko shingoni mwangu, na macho yake yamefunguka lakini hanioni. Niliita jina lake, sauti haikutoka. Kisha akanitambua. Aliniachia, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaitazama mikono yake.

Hatukuambiana neno. Kwa siku kadhaa nilivaa kanga mpaka kidevuni, na mama mkwe akadhani naumwa koo, akanichemshia tangawizi. Baadaye kidogo akaniita chumbani kwake.

"Mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini naona nyota zenu hazipatani. Tangu arudi hakuna mimba, hakuna kicheko, hakuna kazi. Akuandikie talaka yako, urudi kwenu kwa heshima, nami nimtafutie mke mwingine hapa hapa mjini."

"Nimekusikia, mama," nilimjibu. "Lakini sitaki talaka. Nataka mume wangu apone."

"Na wa kumponya ni nani?"

"Simjui bado. Nitamtafuta."

Nikisimulia hapa watu hunionea huruma, nami huwaambia waiweke huruma yao. Nilikuwa kijana, nina afya, nina binti mmoja mdogo aliyezaliwa kabla baba yake hajachukuliwa, na nilikuwa na hakika kwamba mume niliyemjua yumo ndani ya mtu yule. Kama yumo, basi lazima yupo mahali mtu anayejua kumtoa. Kazi yangu ilikuwa kumpata mtu huyo tu, na sijawahi kuwa mvivu wa kuulizia.

Nilianza hospitali ya serikali. Dresa, msaidizi wa daktari, alimtazama ulimi, akamfunua kope, akampa kwinini. Akasema hana homa. Hilo nililijua.

Kisha nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa fundi wa pepo, mwenye ngoma na wateja wengi. Alinisikiliza huku akitafuna tambuu, akasema pepo huyo ni wa Kizungu, kampanda huko Bama, na anataka kofia, koti na ngoma ya juma zima.

"Umemuuliza mwenyewe anataka nini?" nilimuuliza.

"Nani, pepo?"

"Mume wangu."

Alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni. Hata hivyo nilimpeleka mume wangu, kwa kuwa sikutaka kusema kwamba kuna njia sikuijaribu. Ngoma kubwa ilipopigwa mara ya kwanza, aliruka ua wa makuti akatokomea. Nikamkuta kesho yake asubuhi shambani kwa mjomba wake, kakaa baina ya minazi, na niliapa kwamba hakuna mtu atakayempigia tena ngoma.

Wa tatu alikuwa sheikh aliyetuozesha. Huyu alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kikohozi. Alimsomea mume wangu siku nyingi, akamwandikia kombe, aya kwa wino wa zafarani, naye akalinywa kwa imani. Nilimwona akitulia kidogo kila alipotoka kwa sheikh, kama mtu aliyetua mzigo ili apumzike, kisha akaubeba tena. Siku moja sheikh akaniita mimi peke yangu, akaniketisha penye mlango ulio wazi.

"Binti yangu, kisomo kimefanya kazi yake, wala usikiache," alisema. "Lakini mumeo ana neno limemkaa kifuani, na mimi kila nikimwambia aliseme, ananiambia, 'Inshallah, sheikh.' Ananiheshimu mno. Anahitaji mtu ambaye yeye hamheshimu kiasi hicho."

"Yuko wapi mtu huyo?"

Akakohoa, akatabasamu. "Kaka yangu alichukuliwa kuwa mpagazi vita ile ya kwanza, ya Mjerumani. Aliporudi alikuwa hivi hivi. Aliyemsaidia ni mwanamke wa Kipatimu, huko kwa mama zako. Yuko hai. Ni mtu wa misheni, anavaa msalaba. Mama mkweo atapiga kelele. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma."

Mama mkwe alipiga kelele kweli. "Sheikh? Sheikh mwenyewe kakutuma kwa Mkristo?" Alirudia hivyo mchana kutwa, huku akipepeta mchele ambao ulikwisha kuwa safi. Mume wangu yeye aliniuliza jambo moja tu.

"Ataniuliza niliua wangapi?"

"Sijui."

"Wote huuliza hivyo," alisema. Kisha akaenda kutafuta viatu vyake.

Tulimwacha binti yetu kwa dada yangu, tukapanda lori la pamba mpaka Njia Nne, na kutoka pale tukashika njia ya milima kwa miguu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kumwona akitembea mbele yangu bila kugeuka nyuma. Huko juu kulikuwa na baridi asubuhi, michungwa ilipandwa mpaka kwenye miteremko, na watu walitusalimia kwa lugha ya mama yangu. Mimi niliwajibu, mume wangu akanitazama kwa mshangao. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisikia nikiisema kwa sauti.

Mwanamke tuliyemfuata tulimkuta shambani, jembe mkononi. Nilikuwa nimetazamia kizee, kumbe alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mabega mapana, rozari shingoni na kaniki iliyofungwa kwapani. Kila mtu alimwita Bibi, nasi tukamwita hivyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmekula?"

Hakuuliza lingine siku ile. Alitupikia wali wa mlimani na majani ya kunde, na alipomwona mume wangu akitazama huku na huku kutafuta pa kukaa, alibeba kigoda chake bila neno akakiweka mahali ambapo mgongo unapata ukuta na macho yanapata njia. Mume wangu akakaa. Nikajua tumefika.

Kesho yake aliniita nimsaidie kupalilia mihogo. Nikamweleza yote, tangu pilau mpaka shingo. Hakusema "pole" wala hakutikisa kichwa. Aliendelea kulima, ila nilipofika pale pa shingo alisimamisha jembe.

"Nani mwingine analala nyumba hiyo?"

"Mtoto wetu, na mama mkwe wangu."

"Mama mkweo yuko wapi?"

"Yuko Kivinje."

"Basi umeniletea nusu ya mgonjwa. Rudi ukamlete na yeye."

Nilimwambia hamjui mama mkwe wangu. Akasema ndiyo sababu anataka kumjua. Nikateremka peke yangu, mume wangu akabaki kule.

Njia nzima nilikuwa nafikiria maneno ya kumshawishi, na mwishowe sikuhitaji mengi. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikasema, "Mama, mganga ameshindwa. Anasema bila wewe hawezi kitu."

Aliinuka. Kisha akajifunga ushungi. "Nilijua," alisema. "Hawa watu wa bara watajua nini peke yao?"

Kupanda milima na mama mkwe wangu ni safari ambayo singependa kuirudia. Kila tulipofika kileleni alikaa chini akasema nchi gani hii, kila ukifika juu unakuta juu nyingine. Lakini hakusema turudi. Tulipokaribia tulimwona mwanawe kwa mbali, akivuna mpunga pamoja na mume wa Bibi, shati kalivua, anafuata mstari bila kuinua kichwa. Mama mkwe alishika mkono wangu. Hakuwa amewahi kunishika mkono.

Muda niliokuwa safarini Bibi alikuwa amempa majani ya kuogea na dawa chungu ya kunywa jioni, na usingizi ulikuwa umeanza kurudi. "Hayo ni ya mwili," aliniambia. "Mwili ukichoka vizuri na kulala vizuri, mdomo unapata nguvu. Sasa tuanze kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila alasiri tuliketi nyuma ya nyumba, pale alipoanika mpunga, watu wanne tu: Bibi, mama mkwe, mume wangu na mimi. Kila siku mmoja wetu alisema jambo moja, lile lililomkaa, kwa urefu aliotaka. Na sharti la Bibi lilikuwa moja.

"Hapa kwangu mtu akisema, hakuna wa kumjibu mpaka kesho. Hakuna kumtuliza, hakuna kumkatiza, hakuna kusema 'lakini'. Ulilosikia ulale nalo. Kesho utajibu."

"Na mtu akisema uongo?" aliuliza mama mkwe.

"Utamjibu kesho."

Nilianza mimi, kwa kuwa Bibi alinitazama. Nikasema, "Naogopa kumwamsha mume wangu." Nikasimulia ile alasiri, nikashusha kanga nikaonyesha mahali vidole vilipokuwa, ingawa alama zilikwisha kufutika. Mama mkwe akafungua mdomo. Bibi akainua kidole kimoja. Mdomo ukafungwa. Sijui kama maishani mwake mtu yeyote alikuwa amewahi kumfanyia hivyo.

Jioni ile tulikula pamoja tukipitishiana bakuli na kusema habari za kuku na mvua, na lile jambo likiwa katikati yetu, kila mtu analiona. Usiku ulipopita, hasira iliyokuwa imevaa tayari kutoka ikawa haina pa kwenda. Kesho yake nilitazamia mama mkwe aniambie nimemwaibisha mwanawe. Badala yake alisema, "Nilikuchemshia tangawizi. Mtu ananyongwa nyumbani mwangu, mimi namchemshia tangawizi." Akajifuta uso kwa ushungi. Ndiyo yaliyokuwa majibu yake yote, na yalinitosha.

Siku iliyofuata Bibi alimtazama mume wangu.

"Hutaniuliza niliua wangapi?" alisema mume wangu.

"Hapana. Sema lako."

Alianza kwa kutazama mpunga ulioanikwa, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ikabidi tuinamie mbele. Alisema huko Bama kulikuwa na matope na msitu, na mvua isiyokatika. Kwenye kikosi chao alikuwamo kijana mmoja Mmwera wa Rondo, mcheshi, mwimbaji. Walilala blanketi moja kwa kuwa jingine lilichukuliwa na maji. Mara moja walipokuwa wamejificha, adui yuko karibu, amri ikatoka kwamba asiinuke mtu wala asitoe sauti. Yule kijana akapigwa risasi mbele yao kidogo. Hakufa papo hapo. Akaanza kumwita mume wangu kwa jina. Alimwita, akamwita. Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi, matope yamemjaa mdomoni, na hakuinuka. Ile bombomu, bunduki ya kumwaga risasi, ilikuwa ikipita juu ya vichwa vyao ta-ta-ta, ikinyamaza, yule kijana anaita. Mwisho aliacha kuita jina, akasema maneno ya Kimwera, taratibu, mara mbili tatu. Halafu kimya.

"Yale maneno nimeyashika yote," alisema mume wangu. "Sikijui Kimwera, lakini nimeyashika kama sura ya Kurani. Sijathubutu kumuuliza mtu maana yake. Nadhani alinilaani."

Nilitaka kumshika. Bibi alinitazama, nikaitia mikono yangu chini ya mapaja nikaikalia. Mama mkwe alikuwa amefunua midomo, na nilijua neno linalotaka kutoka, lile la siku zote, nyamaza mwanangu. Halikutoka. Tulikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mkeka wa mpunga, kisha Bibi akasema tuuanue kabla umande haujaanguka, nasi tukauanua.

Kesho yake mama mkwe alikuja akiwa amekoga, amevaa nguo aliyoiweka ya safari ya kurudi. Aliketi akamgeukia mwanawe.

"Nilikwambia baba yako alikufa kwa homa," alisema. "Hakufa kwa homa. Labda hajafa."

Akaeleza. Vita ile ya kwanza mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, miezi mingi, mpaka kusini huko. Aliporudi hakuweza kulala. Alikaa akitazama mlango. Mara nyingine alitaka kumweleza alichokiona, nao walikuwa vijana, mama mkwe alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na nyumba imejaa wakwe. "Nikamwambia anyamaze. Niliogopa watu watasema mume wangu kaharibika akili. Kila alipofungua mdomo nilimwambia anyamaze. Siku moja akaniambia anakwenda Lindi kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Nikamfungia mikate. Ndiyo mwisho."

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa ilikuwa haijafika kesho. Niliona mume wangu anamtazama mama yake, kwanza mikono, kisha uso, akabaki hapo usoni muda mrefu.

Jibu lake alilitoa siku iliyofuata, nalo halikuwa nililolitazamia. Alisema, "Mama, baba alikuwa mtu gani kabla?"

Mama mkwe akashangaa, kama mtu aliyeulizwa njia ya mji aliouhama zamani. Kisha akaanza. Alisema alikuwa mtu mfupi mwenye kupenda kula, aliyeweza kuiga sauti ya kila mtu pale Kivinje. Siku moja aliiga sauti ya kadhi nyuma ya ukuta mpaka mashahidi wa kesi wakasimama wima. Mama mkwe akaiiga hiyo sauti mwenyewe, puani, na kidevu juu. Mume wangu akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kama pampu iliyokauka, lakini kilikuwa chake, nilikijua, na mimi ndiye niliyelia siku ile.

Tulikaa kule mpaka mpunga ukaingia ghalani. Nilimuuliza Bibi nani alimfundisha kazi yake. Akasema hakuna aliyemfundisha. Wakati wa Majimaji alikuwa mtoto mdogo, na wanaume waliorudi kutoka porini walikuja kukaa kwa mama yake kwa sababu kulikuwa na chakula kidogo. "Waliopona ni wale waliosema mbele ya watu wao, watu wao wakakaa wasikimbie. Niliona hivyo tu. Majani nilijifunza baadaye."

Hakutaka fedha. Alitaka gauni la kwendea misa, lenye mikono mirefu. Mume wangu akamshonea kwa mkono, siku nzima na nyingine, kitambaa magotini. Bibi akamuuliza mbona hashoni tena kwa mashine, naye akamweleza.

"Fundi ni nani, anayekata au anayekanyaga?"

"Anayekata," alijibu mume wangu mara moja, na fundi yeyote angejibu hivyo.

"Basi kata. Atakanyaga mwingine."

Huyo mwingine nilikuwa mimi. Tuliporudi Kivinje cherehani ililetwa nyumbani, mume wangu akakata kanzu barazani nami nikajifunza kushona uani. Mwanzo nilishona alipokuwa msikitini au shambani. Kisha nikamuuliza kama nishone naye yupo, akasema jaribu. Alikunja uso, akatoka nje, akarudi. Mwaka ulipokwisha alikuwa ananikosoa mshono kutoka chumba cha pili kwa kusikia tu. Watu walisema mke wa fulani anashona kama mwanamume. Mama mkwe aliwajibu kwamba anashona vizuri zaidi.

Lakini kabla hatujaondoka Kipatimu, Bibi alimwambia mume wangu jambo moja la mwisho. "Huyo kijana wa Rondo ana mama?"

"Anaye. Alikuwa akimtaja."

"Amepata kusikia habari za mwanawe kwa mtu aliyekuwapo?"

Mume wangu aliendelea kufunga mizigo. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu kuliko kesho, lakini lilikuja. Kiangazi kilichofuata alisema twende.

Tulikwenda Lindi, na kutoka pale tukapakiwa na lori la mbao lililokuwa linapanda Rondo bila mzigo. Kuuliza hakukuwa na taabu. Kijana mwimbaji aliyekwenda vitani asirudi, kila mtu alimkumbuka. Tukaonyeshwa nyumba. Mama yake alikuwa kizee mdogo mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha mdomo wa juu, kama Wamwera wa zamani, anamenya muhogo. Alijua Kiswahili kidogo, na jirani yake mwanamke aliketi nasi kusaidia pale kilipopungua.

"Mimi nililala blanketi moja na mwanao," alisema mume wangu.

Kizee akaweka kisu chini. Hakuuliza alikufaje, barua ya serikali ilikwisha kumwambia amekufa. Aliuliza alikuwa akila nini huko. Aliuliza kama alikuwa akiimba. Mume wangu alimjibu yote, kisha akamwambia na lile jingine, kwamba aliitwa asiende. Alilisema bila kutazama pembeni. Mwisho akayatamka yale maneno ya Kimwera, polepole, kama alivyoyashika.

Jirani akafunika mdomo. Kizee alimwambia ayarudie. Akayarudia. Nikaona uso wa yule mama unabadilika, na sikujua kama ni kilio au nini, kumbe ni tabasamu.

"Anauliza kama nimefungia kuku," alisema. "Ilikuwa kazi yake tangu mtoto. Alikuwa akisahau, halafu analala, anashtuka anauliza, mama, umefungia kuku?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Yule mama alisogea kwenye mkeka, akakaa karibu naye, akaendelea kumenya muhogo wake, bega kwa bega. Baadaye tulikula. Tulilala kwake siku mbili tatu, mume wangu akamsaidia kuezeka upande wa paa uliokuwa unavuja, na alipokuwa juu nilimsikia akisemeshana na vijana wa pale, akicheka nao.

Sisemi alipona akawa kama kabla ya vita. Mvua kubwa zilimrudisha kule mara kwa mara, na Bibi alikwisha kutuonya kwamba itakuwa hivyo. Lakini tulijua la kufanya. Tuliketi uani alasiri, sisi watatu, mtu akasema lake, nasi tukalala nalo. Tukazaa watoto wengine, wakakua wakidhani kila nyumba ina desturi hiyo.

Halafu watu wakaanza kuja. Walikuja kwa kisingizio cha kupima nguo. Mwanamke angesimama nimzungushie utepe kiunoni, angesema kwa sauti ndogo kwamba mumewe, au mwanawe, au yeye mwenyewe, tangu jambo fulani, hayuko sawa. Je, ni kweli kwamba sisi tulipata mtu? Sikuwahi kumwambia yeyote anyamaze. Nilimaliza kupima, nikamwambia ndiyo, tulimpata, yuko Kipatimu, avae viatu imara, na aende na nyumba nzima.